Mashua Imejaa: Somo Kutoka Safari ya Paulo Kwenda Rumi

Andiko: Matendo ya Mitume 27:1 hadi 28:16

Kabla hamjaendelea na maneno yangu, fungueni Biblia msome andiko lote hapo juu, na msome polepole mkihesabu bandari. Mimi nimelisoma miaka mingi na nimelifundisha hapa hapa Suna, lakini bandari nilikuwa nazirukaruka ili nifike haraka kwa malaika na kwa nyoka wa Melita.

Aliyenirudisha kwenye bandari ni mtoto wa dada yangu. Anaosha vyombo jikoni katika meli ya watalii inayozunguka Bahari ya Mediterania. Miezi michache iliyopita alinitumia picha kwa simu, mji wa mawe ya rangi ya asali juu ya maji, ngome kila upande. Akaandika, "Mjomba, hapa ni Valletta, Malta. Si ndiyo Melita ya Paulo?" Nikamjibu ndiyo, kisiwa ni kile kile. Tangu hapo meli ikitia nanga ananitumia picha, na mimi naitafuta katika Matendo. Siku moja ni Sirakusa, ambapo Paulo alikaa siku 3. Siku nyingine ni Napoli, na jirani yake upo mji wa Pozzuoli, ndio Puteoli ambapo ndugu walimkaribisha siku 7. Watalii wanaotaka kuona Roma hushuka Civitavecchia na kupanda mabasi, maana Roma haiko ufuoni. Paulo naye alimalizia kwa nchi kavu, na ndugu wakaja kumlaki hadi Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Ziko kampuni zinazouza safari hizi kwa jina la nyayo za Paulo, na juu ya meli kuna bwawa la kuogelea na chakula mchana na usiku. Paulo hakulipa nauli, lakini ni kwa sababu alikuwa mfungwa.

Wakati wake hakukuwa na meli za abiria. Ulikwenda bandarini ukauliza ni nani anaelekea upande wako, kama vile wewe unavyopanda lori la omena kutoka Sori kwa sababu matatu zimekwisha. Akida Yulio alimtoa Paulo Kaisaria kwa meli ya Adramitio, wakapita Sidoni, wakashuka Mira. Hapo wakapata meli ya Aleksandria iliyokuwa ikienda Italia, na tukifika mstari wa 38 tunaona mzigo wake ulikuwa ngano. Rumi ilikuwa inakula ngano ya Misri. Kwa hiyo katika meli ile kulikuwa na mfungwa, kulikuwa na askari, na kulikuwa na mtu mwenye mali ambaye kila siku ya kuchelewa ilimgharimu. Mwekeni huyo mtu akilini.

Sasa tufike Bandari Nzuri, kisiwani Krete. Hapa ndipo nataka tukae.

Luka anasema siku ya Saumu ilikuwa imekwisha kupita. Ndiyo Siku ya Upatanisho, ambayo huangukia Septemba au Oktoba, na kutoka hapo mabaharia wa zamani walianza kuiogopa bahari ile hadi baridi ipite. Paulo akasimama akawaonya kwamba safari hii italeta hasara, si ya shehena tu bali ya maisha. Mtu angeweza kumwuliza, wewe mshona hema unajua nini kuhusu meli? Lakini someni 2 Wakorintho 11:25. Barua ile iliandikwa kabla ya safari hii, na humo Paulo anasema alikwisha kuvunjikiwa na jahazi mara tatu, na alikesha kilindini usiku na mchana. Alikuwa anajua anachosema.

Akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Tusimlaumu upesi. Nahodha ndiye mtaalamu na mwenye meli ndiye mwenye mali. Bandari yenyewe, pamoja na jina lake zuri, haikufaa kukaa wakati wa baridi, na Foinike ilikuwa mbele kidogo tu. Walio wengi wakaona waende. Halafu upepo wa kusini ukavuma kidogo kidogo, na wote wakadhani wamepata walichotaka. Huo upepo ndio unaonitisha mimi katika sura hii kuliko tufani yenyewe. Ulikuja kama jibu la maombi.

Naujua upepo huo. Wengi wenu mlikuwapo miaka saba iliyopita vijana wetu walipokwenda matembezi Homa Bay, na mimi nikiwa kiongozi wao. Tulifika Rusinga tukaona kaburi la Tom Mboya, kisha kutoka Mbita tukavuka kwa mashua mbili kwenda Mfangano kuona michoro ya kale kwenye miamba. Siku ilikuwa njema. Jioni tukarudi ufuoni, na mashua iliyokuwapo ni moja. Ya pili ingekuja baada ya saa mbili, na tungeilipa tena. Mfuko wa vijana ulikuwa umebaki na nauli ya matatu peke yake, na hapa Suna kulikuwa na kesha lililokuwa likitungoja.

Mashua ile ilikuwa ya watu 20. Sisi tulikuwa 34, pamoja na kinanda na spika mbili za kanisa. Kulikuwa na dada mmoja kati yetu, mzaliwa wa Mfangano, anauza samaki soko la Migori. Alinivuta kando ili vijana wasisikie, kwa heshima. Akasema, "Mwalimu, mashua imejaa. Na saa hii ziwa si la kuchezea." Nikatazama maji. Yalikuwa yametulia kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikamjibu, na nakumbuka kila neno, "Dada, tumeomba. Usiwatie watoto woga." Akapanda bila kusema neno.

Katikati ya maji upepo ukageuka. Sitaeleza sana, waliokuwamo wanajua. Maji yaliingia tukayachota kwa ndoo moja na kwa viatu. Majaketi ya kuokoa maisha yalikuwa mawili tu, na yote mawili yalivaliwa na wenye mashua. Tulitupa spika, tukatupa kinanda. Wavuvi wakatuona, wakawachukua kumi na wawili wetu, na tulifika Mbita usiku tukiwa hai wote.

Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda hapa madhabahuni. Kanisa lilisimama likashangilia, na ilistahili, maana Bwana alitenda. Nimeutoa ushuhuda ule mara nyingi tangu siku hiyo, hata kwenye makanisa ya jirani. Yule dada alikuwa akikaa safu ya tatu, mikono imelala mapajani. Katika ushuhuda wangu wote sikuwahi kumtaja.

Sasa rudini kwa Luka. Naye alikuwamo ndani ya meli, ndiyo maana anaandika "sisi". Angeweza kuanza na tufani na kumalizia na wokovu, na tungesema amina. Hakufanya hivyo. Aliandika onyo, akaandika nani alilipuuza na kwa sababu gani. Na Paulo mwenyewe katika mstari wa 21, kabla hajawapa habari ya malaika, anawakumbusha kwamba iliwapasa kumsikiliza. Mimi nilitoa nusu ya ushuhuda, ile nusu inayonipendeza.

Kuna swali lingine ambalo kwa miaka yote sikuliona. Malaika alikwisha kumhakikishia Paulo kwamba hapotei mtu hata mmoja kati ya watu 276. Hiyo ni ahadi ya Mungu, imekwisha. Usiku wa kumi na nne wanapima kina, pima 20, kisha pima 15, wanatupa nanga nne. Mabaharia wanajifanya kushusha nanga za mbele, kumbe wanashusha mashua watoroke. Na Paulo, mwenye ahadi mkononi, anamwambia akida kwamba hawa wasipobaki melini ninyi hamwezi kuokoka. Askari wakakata kamba, mashua ikaenda zake. Kisha akawasihi wale, wapate nguvu.

Mbona hakusema tu, tumeahidiwa, waache waende? Kwa sababu hakuna mahali katika sura hii ahadi inapochukua nafasi ya nanga, au ya chakula, au ya mtu anayejua kazi. Mungu alipotimiza neno lake aliwaokoa wengine kwa kuogelea na wengine juu ya mbao. Mimi pale Mfangano nilitumia maombi kumnyamazisha mtu aliyejua ziwa. Hiyo haikuwa imani, ndugu zangu. Ilikuwa pesa na haraka, nikaivalisha nguo za imani.

Mpwa wangu ananiambia kwamba katika meli yao, kabla haijaenda mbali na bandari, kila abiria hufundishwa mahali pa kukusanyika hatari ikitokea na namna ya kuvaa jaketi. Tajiri, mzee, mtoto, wote. Zamani sheria iliruhusu zoezi hilo lifanywe ndani ya saa 24. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,000. Waliopanda siku hiyo Civitavecchia hawakuwa wamefanya zoezi bado. Watu 32 walikufa. Nahodha wake alitoka melini abiria wakiwa bado ndani, na mahakama ikamfunga miaka 16. Ni mstari wa 30 ule ule. Baada ya hapo sheria ya dunia ikabadilishwa.

Na sisi hatuhitaji kwenda Italia kutafuta mfano. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. MV Nyerere ilikuwa ya watu 101, na waliokufa peke yao ni 228. Ni ziwa hili hili letu, na nina hakika ndani ya vyombo vile watu waliomba.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda sokoni kwa yule dada. Nilimkuta akipanga mbuta. Nikamwambia niliyopaswa kumwambia miaka saba iliyopita, mbele ya wateja wake. Akafuta mikono, akasema, "Mwalimu, nilisamehe zamani. Lakini tangu siku ile sijapanda mashua kwenda nyumbani. Mamangu nikimwona, ni yeye amevuka kuja Mbita."

Hilo sikulijua. Nimelibeba tangu siku hiyo.

Vijana wameomba kwenda Mfangano tena likizo ya Agosti. Kamati imekubali, nami nimeomba mambo manne yaandikwe kwenye kumbukumbu. Mashua mbili kwenda na mbili kurudi. Jaketi kwa kila mtu, na ya watoto iwe ya ukubwa wa watoto. Kurudi ni kabla ya saa sita mchana. Na neno la kwenda au kutokwenda litatoka kwa yule dada, si kwangu wala kwa mwenye mashua, hata kama tutalala Mfangano na kukosa ibada. Mchango wa kila mzazi utapanda kwa sababu hiyo, naomba msinung'unike.

Nilipomweleza, alikaa kimya kidogo. Akauliza majaketi nimeyaona kwa macho yangu au nimeambiwa tu. Nikasema nimeambiwa. Akasema nikayaone kwanza, halafu atakuja, na kinanda kibaki kanisani.