Tope la Mikoko na Maji Yaliyosafishwa

Maji machafu yakisha kusafishwa hung'aa machoni, lakini bado yana vitu ndani yake. Katika somo hili tutaona jinsi vitu hivyo viwezavyo kulifanya tope la pwani kushika sumu au kuiachilia.

Tuitazame pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, toka Mocímboa da Praia mpaka mlango wa Mto Ruvuma. Maji yakipwa, wanawake huenda kuokota chaza na kombe. Mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa chini ya bahari hiyo, na rasi ya Afungi, karibu na Palma, ikachaguliwa kuwa mahali pa kuisindika. Penye kambi kubwa za wafanya kazi pana maji machafu, nayo hayana budi kusafishwa kabla ya kumwagwa.

Kwanza, tope hushikaje sumu? Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno, nazo zina chaji hasi ya umeme. Madini yaliyoyeyuka majini, kama risasi, shaba na kadimiamu, yana chaji chanya. Basi hunata juu ya chembe hizo. Mafuta nayo hunata katika majani yaliyooza, ambayo ni mengi chini ya mikoko.

Jaribuni wenyewe. Tieni rangi ya bluu ya methileni kidogo katika gilasi mbili za maji. Moja itieni mchanga safi, ya pili udongo wa mfinyanzi. Korogeni, kisha acheni zitulie. Penye udongo maji yatapauka zaidi, maana rangi imeshikwa chini.

Pili, maji yaliyosafishwa hufanya nini? Usafishaji wa kawaida huacha masalio ya vitu vilivyooza, yaliyoyeyuka yasionekane. Masalio hayo huishika shaba na kuizuia isinate topeni. Tena huweza kuivuta iliyokwisha kunata. Pengine hujipaka juu ya mchanga, yakaongeza mahali pa mafuta kunata. Chumvi ya bahari nayo huibandua kadimiamu. Hivyo jibu hutegemea sumu yenyewe, aina ya tope na chumvi iliyopo.

Chaza huchuja maji apate chakula, na sumu iliyobanduka huweza kuingia mwilini mwake, kisha ikafika chunguni. Kwa hiyo apimaye maji ya bomba tu, asilipime tope, amefanya nusu ya kazi. Na alipime kabla bomba halijafunguliwa, ili baadaye awe na cha kulinganisha.