Maandishi ya Maelekezo: Kitabu cha Trekta

Mtahiniwa, soma maelekezo haya ya kuondoa magunzi yaliyokwama kwenye mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa na trekta:

1. Zima injini.
2. Chomoa ufunguo.
3. Subiri shafti isimame kabisa.
4. Ondoa magunzi.

Kwa kawaida shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Hatua ya 4 ikitangulia, mtu anaweza kupoteza mkono. Ndiyo maana kitabu hutumia vitenzi vya kuamuru, sentensi fupi na hatua zenye namba. Tena, kwa kuwa kimechapishwa, husomeka shambani pasipo umeme wala mtandao.

Zoezi: Hatua ya 3 ikiachwa, kuna hatari gani? Eleza.