Zabibu ya baridi: mnunuzi aitambueje kwa pua na ulimi

Mwenye duka la vinywaji Makole, mjini Dodoma, anapoletewa katoni ya mvinyo mweupe kutoka nje yenye lebo ya Gewürztraminer, hutakiwa alipe zaidi ya bei ya mvinyo wa hapa. Kabla ya kutoa fedha hana budi kujua analipia nini. Analipia harufu.

Zabibu nyeupe ya mvinyo inayofahamika zaidi Dodoma ni Chenin Blanc, yenye asili ya bonde la mto Loire, Ufaransa. Huhifadhi uchachu wake hata kwenye joto, na ndiyo sababu imekubali huku ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Harufu yake ni ya kiasi: epo bichi, peasi, pengine asali.

Gewürztraminer ni kinyume chake. Hulimwa sana Alsace, Ufaransa, kwenye usiku wa baridi. Joto likizidi, uchachu huisha kabla harufu haijakomaa. Punje zake zina wekundu kidogo. Glasi ikisogezwa puani hutoka harufu ya mawaridi na ya lichi, tunda la jamii moja na shokishoki. Haya si maneno ya madoido: kemikali ya rozi oksaidi imo katika lichi na katika mvinyo huo pia. Mdomoni ni mzito, uchachu wake ni mdogo, pombe mara nyingi hufika asilimia 13 au zaidi, na mwisho huacha uchungu kidogo. Pua ikijaa harufu lakini ulimi ukakutana na uchachu mkali wa ndimu, huenda hiyo ni Riesling, nayo ya nchi za baridi.

Wengi hukosea kwa kudhani utamu ndiyo harufu. Mnunuzi abane pua, anywe funda dogo, kisha aachie. Alichokionja pua ikiwa imebanwa ni sukari, uchachu na uchungu. Kinachoingia baada ya kuachia ndicho cha kulipia. Kisipoingia kitu, huo ni mvinyo mtamu tu, lebo iseme itakavyo.

Chupa iwe na baridi ya nyuzi 10 hivi. Mvinyo wa barafu haunukii, na muuzaji anayeonjesha hivyo (wapo) aombwe kusubiri kidogo. Aidha, mwaka wa mavuno usomwe, na muuzaji aulizwe katoni ilihifadhiwa wapi, kwani harufu hii hupotea upesi kwenye ghala la bati.