Somo: Haki ya kuwa na wakili kabla hujashtakiwa



Leo tunazungumzia zile saa za kwanza, tangu polisi wanapokuchukua mpaka unaposomewa mashtaka mahakamani. Watu wengi hudhani kwamba wakili (wengine wamezoea kusema avoka) ni mtu wa mahakamani tu. Kumbe kesi nyingi huharibika kituoni, hakimu akiwa bado hajamwona mtu.

Wewe unayeishi Nakivale, Kyangwali au makazi mengine ya Uganda unalindwa na Katiba ya nchi hii ya mwaka 1995. Kifungu cha 23 hakisemi "raia", kinasema "mtu". Ukikamatwa, lazima uelezwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yako ya kuwa na wakili unayemchagua. Ukiomba, ndugu zako waarifiwe, na wao pamoja na wakili na daktari wako waruhusiwe kukuona. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 nayo inamruhusu mkimbizi kupata msaada wa kisheria.

Lakini nani atamlipa wakili huyo? Hapa wengi hukosea. Serikali hulipa wakili kwa mtu anayeshtakiwa kosa la adhabu ya kifo au kifungo cha maisha, na wakili huyo hukutana naye kesi ikiwa imefika mahakamani. Kituoni hakuna anayekuletea. Kwa hiyo jamaa zako wasingoje. Siku hiyo hiyo waende kwa shirika la msaada wa sheria linalohudumia makazi yenu, au kwenye dawati la ulinzi, wakiwa na jina lako kama lilivyo kwenye kadi, jina la kituo, saa uliyokamatwa na namba ya taarifa katika kitabu cha kituo. Bila namba hiyo wakili hupoteza nusu siku akitafuta faili. Mwenyekiti wa wakimbizi anaweza kukudhamini na kukusemea, lakini yeye si wakili.

Ukiitwa "kuja kutoa maelezo", uliza kwanza: naitwa kama shahidi au kama mtuhumiwa? Kama ni mtuhumiwa, hulazimiki kujibu juu ya kosa. Taja jina lako na anwani, kisha sema kwa adabu, "Afande, nitazungumza wakili wangu akiwepo." Kunyamaza si kukiri.

Jambo la lugha tunalisisitiza zaidi. Mtu anasema kwa Kiswahili au Kinyarwanda, afisa anaandika kwa Kiingereza, kisha anaambiwa "weka dole gumba hapa". Usiweke. Utaratibu unataka maelezo ya mtuhumiwa yaandikwe kwa lugha aliyosema, ndipo yatafsiriwe. Omba mkalimani, naye asiwe ndugu wa mlalamikaji. Omba usomewe yote. Kama kuna neno ambalo hukusema, lisahihishwe kabla ya sahihi. Kukiri kosa mbele ya polisi wa cheo cha chini, pasipo afisa wa cheo kinachotakiwa wala hakimu, hakukubaliki mahakamani. Na maneno yaliyotolewa kwa kipigo hukataliwa chini ya sheria ya kuzuia mateso ya mwaka 2012. Ukipigwa, mwonyeshe daktari alama zikiwa bado mbichi.

Saa 48 huhesabiwa tangu kukamatwa, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Zikipita hujaachiwa wala kupelekwa mahakamani, wakili au ndugu yako aweza kumpelekea hakimu malalamiko.

Bondi ya polisi ni bure. Anayedai pesa "za faili" au "za mafuta ya gari" anadai kitu ambacho sheria haikijui. Utatakiwa kuwa na wadhamini wanaojulikana mahali wanapoishi, na kurudi kituoni kila tarehe uliyopewa. Ukikosa tarehe hata moja unaweza kukamatwa tena, na safari ya pili bondi huwa ngumu. Tarehe hiyo iandike mahali mke wako au jirani anapoweza kuiona.