Kinundu Shingoni: Kipimo Kipi Kinajibu Swali Lipi?

Kinundu ni uvimbe mdogo unaoota ndani ya tezi dundumio, ile tezi ya mbele ya shingo ambayo wengi huiita thairoidi. Takriban vinundu 9 katika kila 10 havina saratani. Hata hivyo, hakuna awezaye kuvitenganisha kwa kuvipapasa.

Kwanza hupimwa damu, kuangalia homoni iitwayo TSH. Tumeona ni vyema kulisisitiza jambo hili: jibu la kawaida halimaanishi kwamba kinundu ni salama. TSH hueleza jinsi tezi inavyofanya kazi, si aina ya kinundu, na wagonjwa wengi wa saratani ya tezi hii huwa na TSH ya kawaida. Ikiwa TSH iko chini, daktari aweza kuagiza picha ya tezi kwa dawa yenye mionzi. Kinundu kinachoifyonza dawa hiyo kwa wingi ni nadra kuwa na saratani. Ikiwa TSH haiko chini, uliza sababu kabla ya kuilipia picha hiyo. Mjamzito hapigwi picha hiyo.

Altrasaundi haina mionzi wala maumivu, na ndiyo huamua kama sindano inahitajika. Ripoti inayosema tu "kuna uvimbe" haijakamilika. Omba iandikwe ukubwa kwa sentimita, kama ndani mna maji au nyama, hali ya kingo, chembechembe za chokaa na tezi za limfu za shingoni. Kinundu cha maji matupu kwa kawaida hakihitaji sindano. Cha nyama chenye dalili za kutia shaka huchomwa hata kikiwa na sentimita 1 tu.

Sindano yenyewe ni nyembamba, na kazi huisha kwa dakika chache. Majibu hupangwa katika makundi 6, na kundi la kwanza ni sampuli isiyotosha. Hilo si jibu la usalama, kipimo hurudiwa. Kwa hiyo uliza mapema kama marudio yatatozwa upya.

Ukishauriwa upasuaji bila sindano kutangulia, omba uelezwe sababu. Huenda ipo, mathalani kinundu kikubwa kinachobana njia ya hewa. Lakini sauti ikikwaruza bila kupona, kumeza kukiwa kwa shida, au kinundu kikikua upesi, usingoje tarehe ya miadi. Nenda hospitali na ripoti zote za awali, pamoja na picha zake.