Kalkuleta Inayojionyesha Yenyewe: Kuandika Onyesho kwenye TI-83 Plus

Mwalimu wa hesabu mjini Goma mwenye wanafunzi hamsini na kalkuleta moja ya grafu hawezi kuwakusanya wote mbele ya kioo cha nukta 96 kwa 64. Anachoweza ni kuipitisha benchi kwa benchi, na hapo ndipo vurugu huanza, maana kila anayeipokea anabonyeza chake. Dawa yake ni onyesho, yaani programu inayochora, ikasubiri, ikachora tena bila kuguswa.

Viwanda vimeliona hilo zamani. HP 48G ya 1993, ukiiandikia TEACH, inajiwekea folda ya mifano iitwayo EXAM, CLTEACH inaiondoa. Lakini mifano ya kiwandani haijui somo lako la kesho, kwa hiyo tuandike onyesho letu kwenye TI-83 Plus. TI-84 Plus nayo inakubali hatua hizihizi. Ukiangukia mashine ya mitumba iliyotoka Ufaransa, CLEAR imeandikwa annul, Y= ni f(x), na amri nyingi ziko kwa Kifaransa, jambo ambalo kwa shule zetu zinazofundisha kwa Kifaransa ni nafuu tupu.

Hatua ya 1. Bonyeza Y= ufute kila kilichomo, la sivyo grafu za zamani zitajitokeza juu ya mchoro wako.

Hatua ya 2. Bonyeza PRGM, nenda NEW, andika jina. Mwisho ni herufi nane: MAONYESHO haliingii, ONYESHO linaingia.

Hatua ya 3. Ingiza mistari hii:

ZDecimal
0→K
Repeat K
For(A,-2,2,.5)
ClrDraw
DrawF AX²
Text(1,1,"A=",A)
For(T,1,80)
getKey→G
If G
Then
1→K
2→A
80→T
End
End
End
End

Amri haziandikwi herufi moja moja, zinachaguliwa kwenye menyu. Ukiwa ndani ya programu, PRGM inakupa CTL yenye For, Repeat, If, Then na End, na pembeni yake I/O yenye getKey. Bonyeza 2nd kisha PRGM upate ClrDraw, DrawF na Text. ZDecimal iko chini ya ZOOM, na mshale ni kitufe cha STO. Alama ya hasi ya -2 ni kile kitufe chenye mabano, (-), si cha kutoa. Ukivichanganya utaona ERR:SYNTAX. Chagua Goto, kishale kitakwenda chenyewe penye kosa.

Moyo wa onyesho ni kile kitanzi cha T. Wengi huweka Pause mahali pake, kisha wanashangaa mchoro umeganda: Pause inangoja mtu abonyeze ENTER. Kitanzi cha T kinapoteza muda kwa kuhesabu, na huku kinasikiliza. getKey inatoa 0 kama hakuna aliyegusa kitu; ikitoa namba nyingine, tunazisukuma A na T hadi mwisho wake ili vitanzi vyote vifungwe kwa utaratibu. Usiruke nje kwa Goto. Kitanzi kilichoachwa wazi kinabaki kushikilia kumbukumbu, na onyesho likirudiwa mara nyingi utakutana na ERR:MEMORY. Mwendo ukiwa wa haraka mno, ongeza ile 80 mahali pote pawili ilipo. TI-84 Plus ina kasi zaidi, itataka namba kubwa zaidi.

Hatua ya 4. PRGM, EXEC, ONYESHO, kisha ENTER. Parabola inaanza ikiwa imefumba, mdomo chini, inapanuka, inapotea, halafu inafunguka kuelekea juu. Pale A=0 inapopotea ndani ya mhimili, nyamaza kidogo uwaache wanafunzi wabishane imekwenda wapi. Kuisimamisha, kitufe chochote kinatosha. ON nayo inaikata, ila italeta ERR:BREAK.

Kalkuleta hii haijizimi programu ikiwa inaendelea, kwa hiyo ukiisahau mezani itamaliza betri zake nne. Hifadhi programu kwa Archive, iliyo chini ya MEM, maana kumbukumbu ya kawaida hufutika mashine ikianzishwa upya. Kabla ya kuiendesha tena, itoe kwa UnArchive.

Ukitaka somo la mteremko, badilisha mistari miwili tu: For(A,.1,1.9,.3), na DrawF 2-Aabs(X), abs iko MATH, kwenye NUM. Kinachotokea ni mlima, na darasa zima litasema ni Nyiragongo, volkano ya jirani. Waache kwanza wakisie A ya kweli. Kilele kiko mita 3,470, Goma iko kama 1,500, na kati yake ni karibu kilomita 20: A ni takriban 0.1. Kwenye kioo, kila nukta kumi kwenda pembeni mstari unashuka nukta moja tu.