SOMO LA LEO: Land Rover kuukuu si chuma chakavu. Ijue, ifufue, iuze kwa uaminifu



Leo naongelea mali ambayo wengi tunaipita kila siku: Land Rover za zamani zilizolala uani kwa watu. Mimi niko Singida mjini, nauza spea za magari haya kwa WhatsApp na Facebook. Huku kwetu, kuanzia Kiomboi hadi Manyoni na Itigi, bado utazikuta chini ya miti, kuku wametaga kwenye siti. Wenye mizani wakipita, linakatwa linapimwa kwa kilo. Sasa jiulize: kwenye mizani ya chuma chakavu, difu nzima na kipande cha bomba bovu ni bei moja. Kwa mwenye gari lililokwama Arusha, difu ile ndiyo safari yake ya kesho. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo biashara yetu.

Magari ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, zile Ford na Chevrolet za enzi za mkoloni, ni adimu sana. Ukilikuta, usifungue hata nati moja kabla ya kupiga picha kila upande. Land Rover yenyewe ilizaliwa baada ya vita, mwaka 1948, lakini mbinu za kuifufua ni zilezile.

Wateja wapo. Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Land Rover, magari yakaja kwa mamia. Nairobi wana mashindano ya magari ya kale, Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970. Wenye magari hayo wanatafuta spea, na wengi wanatafutia kwenye simu. Na sisi wa Singida tuna turufu: hewa yetu ni kavu. Chasisi ya hapa haiozi haraka kama ya Tanga au Dar, kwenye upepo wa chumvi. Liseme hilo kwenye tangazo lako.

Haya, twende kazi.

1. JUA UNACHOUZA
Usiandike tu "spea za Land Rover ya zamani". Mteja hawezi kununua hivyo. Series I ilitengenezwa 1948 hadi 1958, Series II 1958 hadi 1961, IIA 1961 hadi 1971, na Series III 1971 hadi 1985. Ile 88 au 109 tunayotaja ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Chukua futi upime.

Taa za mbele zikiwa katikati, karibu na wavu wa rejeta, hiyo ni ya zamani zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilihamia kwenye fenda. Series III ina geji mbele ya dereva na wavu wa plastiki. Zilizotangulia zina geji katikati ya dashibodi. Ila angalia, bodi zimebadilishwa sana huku, kwa hiyo usiamini ishara moja. Soma na namba ya chasisi. Kwa nyingi imegongwa upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa. Futa tope kwa brashi ya waya, taratibu.

Difu nazo ni aina mbili. Ya Rover, kichwa chake kinatoka kwa mbele. Ya Salisbury, iliyo kwenye 109 nyingi za baadaye, ina mfuniko wa bolti kwa nyuma, na ni ngumu zaidi. Shafti zake haziingiliani. Mteja akiomba "shafti ya nyuma", mwambie akutumie kwanza picha ya difu yake. Utaokoa nauli ya mzigo, na utaokoa jina lako.

2. HAKIKI MWENYE MALI
Gari lina kadi? Namba ya chasisi inafanana na ya kwenye kadi? Na mwenye kadi yuko hai? Hapa pana moto. Magari haya mengi ni ya marehemu baba. Anakuja kijana mmoja anauza, kesho wadogo zake wanakuja na polisi. Kama mwenyewe amefariki, malizana na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na anayeshika funguo. Andikishianeni kwa maandishi, mashahidi wawepo, na serikali ya mtaa au kijiji ijue. Ukinunua spea tupu pia andika imetoka gari gani.

3. INJINI ILIYOGANDA USIIVUTE
Watu wakiona injini haizunguki wanafunga kamba kwenye trekta. Hapo ringi zinakatika na silinda inakwaruzika. Fanya hivi: toa plagi, au nozeli kama ni ya dizeli. Mimina ndani ya kila silinda mchanganyiko wa dizeli na oili. Acha siku kadhaa, ongeza kidogo kidogo. Kisha zungusha kwa hendeli, mbele kidogo na nyuma kidogo, bila hasira. Ikilegea, badilisha oili na filta na usafishe tangi kabla ya kuiwasha. Kwa injini ya petroli ya lita 2.25, moto wa plagi unakwenda 1-3-4-2. Waya ukikosewa utahangaika siku nzima ukilaumu kabureta.

Na kabureta yenyewe, ile ya Zenith, mfuniko wake hupinda kwa joto, injini inakosa nguvu. Tandika msasa laini juu ya kioo, usugue mfuniko hadi ukae sawa, funga na gasketi mpya. Kazi ya saa moja.

4. BETRI: ULIZA KWANZA
Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Tazama wiringi yake kabla ya kufunga betri. Ukikosea kwenye gari lenye alteneta au redio, umeunguza.

5. BODI NI ALUMINIAMU, CHASISI NI CHUMA
Baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea mageti asiiguse kwa vijiti vyake vya kawaida. Kiraka cha bodi funga kwa ribiti. Palipogusana aluminiamu na chuma, unyevu ukiingia panaliwa haraka. Weka rangi ya kuzuia kutu na kipande cha mpira katikati.

Chasisi ipime kwa sumaku. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Gonga kwa nyundo ndogo; chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Chasisi iliyopakwa puti ikikatika njiani, watu wanakufa. Hiyo usiuze kama nzima hata mteja akiwa na haraka.

6. MAMBO MATATU YANAYOUA FUNDI NA MTEJA
Kwanza, tangi la petroli. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Usichomelee. Liweke pembeni, tafuta jingine.

Pili, vumbi la breki. Ferodo za zamani nyingi zina asibesto, na vumbi lake linaleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Usipulize kwa hewa ya kompresa wala kwa mdomo. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa kifunge kwenye mfuko ukitupe. Watoto wasicheze pale.

Tatu, mafuta ya breki. Usiweke oili wala maji ya sabuni. Oili inavimbisha raba za silinda, maji yanaleta kutu, na siku moja kwenye mteremko pedali inakwenda chini bila kushika. Mlima Sekenke haumwonei mtu huruma. Weka mafuta yenyewe ya breki, na raba badilisha zote.

7. TANGAZO NA MZIGO
Kila spea ipige picha nne: juu, chini, namba iliyogongwa, na kasoro yake. Ndiyo, kasoro. Weka rula pembeni ili vipimo vionekane. Kisha andika moja kati ya maneno haya: IMEJARIBIWA, HAIJAJARIBIWA, au YA KUTENGENEZA. Gia boksi piga video, zungusha shafti huku ukibadili gia.

Kabla ya kupakia kwenye basi, mwaga oili yote na ziba matundu. Gia boksi ikivujia mchele wa mtu, kesho wakala hapokei mzigo wako. Risiti ya mzigo itume hapohapo.

Na bei? Jumlisha ulichonunulia, ufundi, vifungashio, na usafiri wa kulifuata gari kijijini, halafu ndipo uweke faida. Wengi husahau huo usafiri wa kwenda kutazama magari mawili wasiyonunua. Nao ni gharama.

KWA KUMALIZIA
Soko la magari ya kale ni dogo, watu wake wanajuana. Ukimuuzia mmoja difu mbovu Arusha, habari inafika Nairobi kabla basi halijafika Katesh. Na ukimwambia mtu "kaka, hii imechoka, usinunue", huyohuyo atakuletea wenzake.

Hifadhi somo hili, mtumie na fundi wako. Kwenu kuna Land Rover gani imelala chini ya mti? Tutajie aina, tuitambue pamoja.